Msimfufue paa wa Hamdani

Juzi binti yangu wa miaka minane alirudi na kijitabu cha picha kutoka maktaba ya shule: hadithi ya yule paa aliyenunuliwa kwa thumuni. Nilifurahi, nikamwambia tule kwanza, kisha nitamsomea mwenyewe. Tulikwenda vizuri mpaka kurasa mbili za mwisho. Hapo paa anaugua, bwana wake anakumbuka fadhila, tabibu anaitwa, paa anapona, wote wanaishi raha mustarehe. Nilikifunga kitabu moyo ukiniuma.

Bibi yangu wa Pangani hakuisimulia hivyo. Wala si hivyo katika ngano ambazo Edward Steere alisimuliwa Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa huu, Kiingereza ukurasa wa pili. Steere alikuwa mmisionari na mgeni, na nina mengi ya kusema juu ya hilo siku nyingine, lakini paa hakumfufua.

Mnakumbuka. Hamdani anapekua jaani akitafuta punje za mtama. Anaokota thumuni, ananunua paa. Paa anamtafutia almasi, anamposea binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba ili bwana wake apate nyumba. Kisha paa yuleyule anaugua, na Hamdani, ambaye sasa anaitwa Sultani Darai, anasema apikiwe uji wa mtama. Mtama! Katika nyumba isiyokosa kitu! Mtu aliyeponea punje za mtama jaani anamrudishia huo mtama aliyemtoa jaani. Mkewe anahuzunika, yeye hajali. Paa anafariki, anatupwa kisimani. Usiku mke anaota yuko kwao, anaamka yuko kwao kweli. Mume anaota anapekua jaa, anaamka yuko juu ya jaa.

Sasa niambieni, ukimponya paa unabaki na nini? Ule uji hauna kazi tena. Jaa la mwanzo halina mwenzake wa mwisho. Anabaki tajiri mwema na mnyama wake, na mtoto anafunga kitabu bila swali hata moja. Waliotunga hadithi hii walijua uzito wa bakuli lile. Walijua kwamba mtu anaweza kutendewa mema yote na bado akamwacha mtenda mema afe chumba cha chini. Nani aliyewapa wahariri wetu ruhusa ya kuwaficha watoto jambo hilo?

Wanasema watoto wataogopa. Ndiyo, wataogopa. Mimi niliogopa mpaka nikajificha ndani ya kanga ya bibi, na kanga ile ilikuwepo, na bibi alikuwepo, na kesho yake nilimwomba airudie. Giza la hadithi tulipewa tukiwa tumeshikwa mkono.

Nakubali, si kila hadithi ni ya kila umri. Ile ya Sultani Majnuni, ambamo paka anaachwa ale kuku, ale ndama, mpaka anakuwa nunda, mnyama mkali mla watu, na kuwaua wana wa sultani mwenyewe, sitamsomea mtoto wa miaka minne wakati wa kulala. Andikeni umri juu ya jalada, sitabisha. Ila hadithi yenyewe iacheni.

Jana usiku nilimsomea binti yangu mwisho wenyewe. Nilimwita "Paukwa!", akaitika "Pakawa!" kwa sauti ya kucheka, na tulipofika kisimani hakucheka tena. Alinyamaza muda mrefu, kichwa chake begani kwangu. Kisha akauliza kuhusu mtu ambaye mimi, miaka yote hii, sikuwahi kumfikiria: yule mwanamke mzee aliyekuwa akipanda na kushuka ngazi kupeleka habari za mgonjwa.

"Mama, yeye alijisikiaje akibeba ule uji?"

Tukawasha taa tena, tukarudi ukurasa ule kumtafuta.