Msiseme Watanzania Hawasomi

Kila nikikutana na Watanzania wenzangu huku Ujerumani, wakishajua kwamba naandika riwaya, maneno ni yaleyale: "Afadhali wewe uko huku, nyumbani nani angekusoma?" Halafu hakosi mmoja wa kuleta ule usemi kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kwenye kitabu. Usemi huo unaniudhi sana. Nimechapisha nyumbani, nimechapisha huku, na nimekaa mbele ya wasomaji wa pande zote mbili. Wasomaji wa nyumbani wapo, ni wengi, na wana njaa ya hadithi. Kinachokosekana kwetu ni njia ya kumfikishia mwandishi chochote pale kitabu chake kinaposomwa.

Panda daladala ya Gongo la Mboto jioni. Utamkuta dada amesimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine unasogeza hadithi kwenye simu, na kituo chake kikipita hana habari. Ni riwaya hiyo, inatoka kipande kwa kipande kwenye kundi la WhatsApp, kila usiku sehemu moja, na chini yake pameandikwa "itaendelea". Kipande kikichelewa, kundi zima linamjia juu mwandishi. Hadithi ikifika patamu, mwandishi anatangaza kwamba anayetaka yote mpaka mwisho atume elfu mbili kwa M-Pesa, na watu wanatuma. Kabla ya simu ilikuwa hivyohivyo kwenye magazeti; miaka ya 1990 wapo walionunua gazeti kwa ajili ya hadithi ya kurasa za ndani tu, siasa wakawaachia wengine. Watu wasiosoma hawafanyi hivyo.

Tatizo linaanza baada ya hapo. Aliyelipa elfu mbili anaisambaza hadithi nzima kwenye makundi mengine usiku uleule. Na kitabu cha karatasi kikibahatika kuingia kwenye orodha ya vitabu teule vya fasihi vya sekondari, steshenari iliyo jirani na shule inakitoa kopi, inakibana pini, inakiuza. Kinasomwa na maelfu ya wanafunzi, mpaka mitihani inatungwa kutokana nacho, na aliyekiandika hajui.

Tazama pia tunavyozindua vitabu. Ukumbi umekodiwa, viti vimevishwa vitambaa, MC anachangamsha watu, mgeni rasmi anasubiriwa. Akifika, anakata utepe uliozungushiwa kitabu, kisha unakuja wakati wenyewe: nakala ya kwanza. Mgeni rasmi anaichukua kwa laki tano, mara nyingine milioni, meza kuu wanafuata, anayetoa ahadi anaandikwa jina na namba ya simu. Ni mchango, sawasawa na wa harusi. Siudharau hata kidogo, maana riwaya yangu ya kwanza ilichapwa kwa fedha za watu wa mtaani kwetu waliojibana wakachanga. Ila kesho yake ukumbi umerudishiwa mwenyewe, na mwandishi amebaki na maboksi sebuleni. Kuanzia hapo yeye ndiye duka, ndiye karani, ndiye msafirishaji. Msomaji wa Songea anatuma hela kwa simu. Mwandishi anatia kitabu kwenye bahasha ya kaki, anaandika jina na namba kwa makapeni, anapanda daladala mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi kukabidhi mzigo kwa watu wa basi. Nakala moja, nusu siku. Hapo ataandika saa ngapi?

Huku Ujerumani mwandishi analipwa kwa kuwasomea watu kitabu chake. Maktaba ya mji mdogo, duka la vitabu, hata kanisa, wanakualika, wanakulipia treni na chumba cha kulala, na juu yake wanakupa malipo ya kazi ya jioni ile, mara nyingi mia kadhaa za euro. Unawekewa meza, taa ndogo na glasi ya maji. Mimi husoma ukurasa mmoja au miwili kwa Kiswahili, kisha mwigizaji anasoma tafsiri ya Kijerumani, na ukumbini husikii hata kikohozi. Pembeni, mwenye duka la vitabu la mji ule amepanga nakala mezani na anauza yeye. Mwandishi anatia saini tu. Mwezi Machi, wakati wa maonesho ya vitabu ya Leipzig, karibu mji mzima unakuwa hivyo. Ukiingia mkahawani mtu anasoma kwa sauti, ukipita makumbusho, vilevile.

Wajerumani hawana mapenzi ya vitabu yanayotushinda sisi. Walikaa wakatunga sheria. Bei ya kitabu kipya haipunguzwi ovyo: sheria ya 2002 inataka kiuzwe kwa bei ileile aliyopanga mchapishaji, iwe kwenye duka la pembeni kijijini au kampuni kubwa ya mtandaoni, ndiyo maana duka la kijijini bado liko hai. Tangu 1983 upo mfuko wa bima ya wasanii na waandishi. Nachangia nusu ya bima yangu ya afya na pensheni, nusu nyingine inatoka serikalini na kwa wanaotumia kazi zetu, kama wachapishaji. Nikiugua natibiwa kama mwajiriwa. Kwetu, mara ngapi tumepitishiana bakuli kwa ajili ya mwandishi aliyelazwa, ambaye kitabu chake tulikariri shuleni?

Ila lililonigusa kuliko yote ni suala la maktaba. Nikiwa likizo nyumbani niliingia maktaba ya mkoa mmoja nikaikuta riwaya yangu rafuni. Jalada linashikiliwa na selotepu, kona za kurasa zimelainika kama kitambaa, na karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani imejaa mihuri mbele na nyuma, mpaka wamebandika nyingine juu yake. Nilifurahi mno. Kitabu kimepita mikononi mwa watu wote hao! Lakini mwandishi wa Tanzania anapata fedha ya nakala ile moja iliyonunuliwa, basi. Ujerumani, tangu 1972, mwandishi ana haki ya kulipwa vitabu vyake vinapoazimwa kwenye maktaba za umma. Msomaji hatozwi, serikali kuu na za majimbo ndizo zinazotoa fedha, na mgawo unafuata sampuli ya vitabu vilivyoazimwa. Si fedha nyingi. Ila inakuja kila mwaka, hata kwa kitabu ambacho madukani kimeshasahaulika.

Na vinasahaulika haraka kweli. Takriban vitabu vipya 60,000 hutoka Ujerumani kila mwaka. Chako kisipouzika katika miezi michache, duka linakirudisha kwa mchapishaji, na miezi 18 ikipita mchapishaji anaruhusiwa kuondoa ile bei isiyopunguzwa, hapo utakikuta kwenye kapu nje ya duka, kwa bei ya kutupa. Maswali ya ukumbini nayo yananichosha. Ukisoma sura nzima ya mapenzi, bado utaulizwa kuhusu uhamiaji na ukoloni. Nyumbani alinipigia muuguzi wa Tabora, yuko zamu ya usiku, salamu fupi tu kisha akaja moja kwa moja: "Mwandishi, Mwajuma umemrudisha kwa yule mwanaume kwa nini? Mwanamke mwenye duka lake harudi." Tukabishana mpaka vocha yake ikakata. Kwa mabishano ya namna ile ndiyo maana bado naandika kwa Kiswahili.

Nyumbani mambo yanasogea. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa 2023, mshindi wa kwanza anapata shilingi milioni 10 na kazi yake inachapishwa. Nimefurahi kwa dhati. Lakini tuzo inamfikia mshindi. Malipo ya maktaba yangemfikia kila anayesomwa, wa Mbinga na wa Pemba, hata kama hajawahi kuvaa suti ya hafla. Bodi ya Huduma za Maktaba ina matawi mikoani, na ile mihuri ya tarehe ni hesabu tayari. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo na inawajua waandishi. Waanze na maktaba tano za mikoa, wahesabu kwa mwaka mmoja, Wizara itenge hata kiasi kidogo. Shule na halmashauri zinazomwalika mwandishi siku ya kilele cha wiki ya maktaba, zimpe nauli na posho kama zinavyompa mtoa mada wa semina, badala ya cheti na soda.

Na wewe uliyetumiwa faili la riwaya kwenye kundi: namba ya mwandishi huwa iko ukurasa wa kwanza. Tuma ile elfu mbili, kisha ndiyo uanze kusoma.