Afande na Plagi Namba Tisa

Baba mdogo alistaafu jeshi akiwa sajenti meja, na mpaka leo nyumbani hakuna anayemwita baba wala mzee. Ni Afande. Kiswahili chake ni cha kambini: anakitumia kwa wajukuu, kwa ng'ombe, na siku hizi kwa Subaru yangu.

Subaru yenyewe ni Impreza WRX ya 1996, injini EJ20 yenye turbo. Wiki ya kwanjula ya mwanawe Afande, yaani sherehe ya kutambulishwa ukweni, ikaanza kutetemeka kila ikisimama. Fundi wangu, Mkongo mwenye gereji Katwe, akatoa plagi, akazitazama, akaniandikia kwenye kipande cha boksi: NGK, platinamu, namba 6, mwanya milimita 0.7 hadi 0.8. Nilikuwa njiani kwenda Kisekka, soko la vipuri, Afande aliponipokonya kile kipande. "Kwa mambo ya vipuri nina mtu wangu."

Akarudi na nne. Namba 9.

"Afande, fundi kasema sita."

"Sita ni ya raia. Hii si gari ya mbio? Mtu wangu anasema tisa ndiyo wanafunga watu wa rali. Wewe ukiambiwa uchague ukapteni na ujenerali, utachukua ukapteni?"

Maskini fundi alijaribu. Akamweleza kwamba kwa NGK namba haipimi nguvu, inapima joto: ikipanda, plagi inatoa joto upesi na kubaki baridi. Gari la rali linakanyagwa moto mwanzo mwisho, kwa hiyo linaitaka baridi. Gari la kusota kwenye jamu ya Kireka linataka plagi inayofika nyuzi 450 na zaidi, iunguze masizi yake yenyewe. Afande akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Wewe ulikuwa jeshini na cheo gani?"

Fundi hakuwahi kuwa jeshini. Mjadala ukafungwa, plagi zikafungwa. Zile kuukuu fundi akazifungia kwenye gazeti na kuondoka nazo upande wa dashibodi, akitabasamu peke yake.

Jumamosi tukatoka Kampala kwenda Lugazi, kanzu nyeupe na koti, mimi na Afande mbele, mashangazi wawili nyuma. Anayeijua gomesi, lile gauni pana la mabega yaliyosimama, anajua kwamba mashangazi wawili waliovaa gomesi ni abiria sita. Kwenye kioo cha nyuma niliona mabega tu. Mpaka Bweyogerere tulikuwa tunasogea hatua kwa hatua, na injini ikaanza kukohoa. Mukono ikawa inavuta na silinda tatu, pengine mbili. Afande akasema inazoea.

Namawojjolo petroli isiyoungua ikalipukia kwenye ekzosi. PAA!

"Lala chini!"

Mashangazi hawakuwa na pa kulala. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi, na Afande alikuwa chini ya meza ya gonja, zile ndizi za kuchoma, kanzu na koti lake, akinipa ishara ya mkono nitambae upande wa pili. Wauza kuku wakatuzingira na mishikaki. Pale hata ukisimama kwa sababu gari linawaka moto, watakuuliza paja au kidari.

Baadhi ya msafara ulitupita, wakatupungia mkono. Kwa wakwe ukichelewa unafungiwa geti, kwa hiyo Afande akachukua uongozi. Kama namba kubwa imekataa, basi iletwe ndogo. Kijana wa boda akatumwa Mukono, akarudi na Bosch namba 5. Nikampigia fundi kabla hatujafungua kitu.

"Bosch? Hao wanahesabu kinyume! Kwao ndogo ndiyo baridi. Na hapo usiguse plagi sasa hivi. Kichwa cha injini ni alumini, ukilazimisha ikiwa moto utang'oa na nyuzi za skrubu zake. Ngojeni ipoe."

Nikamweleza Afande. Akafikiri sana. "Yaani kwa Wajerumani ukipandishwa cheo unashuka?"

"Halafu," fundi akaendelea, "fungua kile kisanduku cha dashibodi."

Plagi zetu kuukuu zilikuwa humo, ndani ya gazeti.

Tukangoja ipoe huku mashangazi wakimaliza kuku. EJ20 ni injini ya boksa, silinda zimelala ubavuni, kwa hiyo plagi hazikai juu mtu akazifikia kistaarabu. Tukatoa betri, tukatoa boksi la chujio la hewa, na soketi ndefu ya 16 tukaiazima kwa dereva wa takisi, nikapenyeza mkono usipopenya mkono. Zile tisa zilitoka nyeusi, zimelowa petroli. Afande alizipokea moja moja, na kila akipokea alijifuta kwenye kanzu.

Kwa wakwe tulifika geti linafungwa. Mwogezi, yaani msemaji, wa upande wa bibi harusi akatutazama kuanzia viatuni mpaka kola, akashika kipaza sauti. "Hawa wamekuja kuoa, au ndio wanaotuletea makaa?" Hema zima likacheka. Faini ya kuchelewa ikatajwa, na ya uchafu juu yake. Afande akalipa zote mbili bila kukunja uso, akaomba ruhusa, akatoka nje na simu.

Nilimfuata nikidhani anaumwa. Alikuwa amesimama wima chini ya mti wa fenesi, anaongea na mtu wake wa vipuri.

"Weka simu chini. Spika. Mikono chini, kifua chini. Sitaki kusikia habari ya wateja. Anza: moja... Nimesema kifua chini! Moja..."