Bundi Ndani ya Gari ya Konde

Boksi la kumbebea bundi lilikuwa la biskuti, limetobolewa matundu ubavuni, chini taulo kuukuu ili miguu isiteleze, juu kamba. Maji sikuweka. Gari ikiruka tuta yanammwagikia, na ndege mgonjwa akilowa hupoteza joto upesi. Kuhusu chakula, nilimuuliza kijana aliyemnasua kwenye wavu ulioanikwa, "Umempa kitu?" Akaapa, "Hata tonge!" Jibu hilo liwekeni pembeni.

Mgonjwa mwenyewe ni bundi mweupe, bawa la kushoto linaning'inia. Baina ya kiwiko na kifundo bawa lina mifupa miwili, na kwake ulivunjika mmoja tu. Hiyo ni nafuu kubwa, maana mfupa mzima unamshikilia mwenziwe. Kwanza unamfunika taulo na kumdhibiti miguu, kwa kuwa hatari ya bundi ni makucha kuliko mdomo. Kisha unalifunga bawa likiwa limekunjwa, kwa bendeji ile inayojishika yenyewe, ukiizungusha kwa umbo la tarakimu nane. Kifua usikiguse. Ndege hana kiwambo cha kuvutia pumzi. Anapumua kwa kupandisha na kushusha kidari, na ukikibana atakufia mkononi huku bendeji imependeza. Plasta nayo iache dukani, inang'oa manyoya.

Tukapanda gari ya Konde, huku Pemba, kwenda Chake Chake kwa tiba. Utingo akagonga boksi kwa kidole.

"Kuku huyu analipiwa."

"Ndege tu, yakhe."

Jina sikulitaja kwa makusudi. Kwa wazee wetu bundi ni uchuro, na huyu mweupe ndiye hasa babewatoto; akilia juu ya paa, kila mwenye kichanga hakai akatulia. Lakini yeye halii hu-hu kama wanavyodhani watu. Akitishwa hutoa shhhh ndefu. Gari ikaingia shimo, na boksi likajibu.

"Mwanangu," bibi wa pembeni yangu akauliza, "humo mna nyoka?"

"Hamna nyoka, bibi. Ni ndege."

"Ndege gani anafoka hivyo?"

Neno nyoka likafika nyuma likiwa limeshakua chatu. Utingo akaja, noti zimekunjwa baina ya vidole, akasema gari yake haipakii nyoka. Nikamwambia asifungue, mwanga unamtia hofu. Akafungua.

Bundi alikuwa na shughuli zake. Alifumba macho, akanyoosha shingo, akatikisa kichwa mara mbili tatu, akapanua mdomo mpaka nikamwona koo. Kikatoka kitonge cheusi, kinang'aa kwa ute, urefu wa kidole gumba, kikaangukia kandambili ya utingo na kupasuka. Likachungulia taya dogo lenye meno ya rangi ya chungwa.

"Katapika mtoto wa mtu!" bibi akapiga ukelele.

Paa la gari likagongwa kwa pamoja. Dereva hakuuliza, alisimama, akateremka wa kwanza. Utingo alibaki na kandambili moja, noti zimetapakaa sakafuni, na hakuna aliyeinama kuziokota. Maalim mmoja alishaianza Ayatul Kursiy.

Nikaushika mfuniko, nikafunga kamba, nikakitoa kitonge nje kwa kijiti na kukipasua palepale kando ya barabara. Bundi humeza panya mzima. Firigisi inabakisha mifupa na manyoya, inavikandamiza, na saa sita au zaidi baadaye anavitema. Wala si ugonjwa. Ni dalili kwamba tumbo linafanya kazi. Nikapanga mafuvu: moja, mawili, matatu.

"Watoto watatu!" bibi akasema.

"Panya, bibi. Tazama meno. Kuna mtoto gani anazaliwa na meno ya njano?"

Kwa hiyo yule kijana wa "hata tonge" alikuwa amemmiminia panya watatu wa mtegoni. Heri walikuwa wa mtego. Panya aliyekula sumu ya kuzuia damu kuganda anaweza kumuua na bundi, damu inavuja ndani kwa ndani, na hapo tiba ni vitamini K mapema, tena kwa bahati. Kitonge chenyewe kilituokolea muda pia. Bundi hana gole, ule mfuko wa chakula shingoni, kama kuku, chakula kinashuka moja kwa moja tumboni, na kumtia usingizi wa dawa kabla hajatema ni kumtafutia kupaliwa.

Abiria wakarudi garini, ila benchi letu likawa na watu wawili tu, mimi na bibi. Utingo akanitoza benchi zima. Bibi alikuwa kimya, analitazama boksi kwa jicho jengine kabisa.

"Watatu usiku mmoja?"

"Akiwa mzima huenda akapita hapo."

"Akipona mleteni kwangu. Ghala langu la mpunga limeliwa lote."

Nikamweleza kwamba ndege wa mwituni huachiwa pale alipookotwa, anakojua mashimo yake na mawindo yake. Huyu ni wa Konde, atarudi Konde.

"Ala!" akasema bibi. "Basi panya wangu niwapakie gari niwapeleke Konde?"