Mi naomba niachiwe gofu, kasri la karamu baki nalo

Mgeni akija Ayalandi lazima apelekwe Bunratty, na mimi nilipelekwa, mnara wa karne ya 15 uliokarabatiwa miaka ya 1950, una paa, una mameza ya mbao, jioni mnalishwa nyama huku watu waliovaa kizamani wanawaimbia. Pazuri sikatai. Ila nilitoka pale sijajua hata ukuta wenyewe umejengwaje maana kila kitu kimesitiriwa. Aliyenifumbua macho ni Carrigafoyle, kule Kerry karibu na kijiji cha Ballylongford, kando ya maji pale mto Shannon unapopanuka kuingia baharini, gofu kabisa, halina paa.

Minara hii usidhani ilikuwa kambi za jeshi. Ni nyumba za watu wenye uwezo, zilijengwa nyingi mno kuanzia miaka ya 1400 hadi 1600 na kitu, stoo chini, familia juu. Huu wa Carrigafoyle waliujenga akina O'Connor Kerry mwishoni mwa karne ya 15, ghorofa 5, kama mita 26 kwenda juu. Sasa 1580 likaja jeshi la Uingereza chini ya William Pelham na mizinga, wakaupiga siku mbili mpaka ukuta ukafumuka, waliosalimika ndani nao wakauawa. Tundu lile halikuzibwa mpaka leo.

Na ndo tundu ninalolipigia debe hapa. Ukisimama mbele yake mnara wote uko wazi kama papai lililopasuliwa, unaona ukuta kumbe si jiwe tupu bali ni ngozi mbili, ya nje na ya ndani, katikati wamejaza kokoto na chokaa, unaona vyumba vimepangwa kimoja juu ya kingine, sakafu zilikaa wapi, vijia vimepenyezwa ndani ya unene wa ukuta. Bunratty hawawezi kukuonyesha hivyo hata ulipe tiketi mara tatu. Ngazi za kuzunguka bado zipo, zaidi ya vidato 100, nilipanda nimeshikilia ukuta kwa mikono miwili na magoti yanatetemeka, msinicheke.

Ila kupenda magofu si kusema tuyaache yajifie. Kuna mnara mwingine mdogo niliuona katikati ya shamba la ng'ombe, nikaomba ruhusa nikaingia, kwanza ni kinyesi tu maana ng'ombe wanajikinga mvua humo. Nikamulika dari kwa tochi ya simu. Jamani! Alama za fito kwenye chokaa, moja moja. Zamani mafundi walifuma fito kama jamvi, wakalikunja likawa tao, wakapanga mawe juu na kumwaga chokaa, ikishika wanaondoa. Fito zimetoweka karne ngapi sijui, alama bado mbichi utafikiri fundi kaenda kula atarudi.

Nje sasa ndo kilio. Paa likishaondoka maji yanaingia kwa juu ya ukuta, yanaosha chokaa taratibu, baridi ikija yanaganda na kusukuma mawe. Halafu kuna mmea wa kutambaa, aivi, mizizi inajichimbia kwenye maungio, na ukikata shina pale chini usidhani umemaliza, huko juu umeshajishikiza ukutani, na ukifa wote mawe yanabaki hayana wa kuyashika. Kinachoniudhi zaidi ni sementi. Mtu na nia yake njema anaziba nyufa kwa sementi, kitu kigumu kisichopumua kama chokaa, maji yanakwama nyuma yake na jiwe ndo linaanza kubanduka uso. Pale shambani nimeona kiraka cha sementi chenyewe kizima kabisa, mawe yaliyokizunguka yameliwa.

Nilimtumia picha mjomba wangu, fundi mwashi Pangani, kakulia kwenye nyumba za mawe na chokaa. Hakuuliza ni ngome ya nani wala ya mwaka gani. Ile voisi yake ilikuwa fupi tu, "Hicho kiraka cha kijivu kaweka nani? Mwambie akitoe, tena asigonge na nyundo kubwa."