Kruza hazifanani
Mwandishi mmoja anadai kwamba pikipiki za kruza, zile za siti ya chini na mkao wa kustarehe, hutofautiana kwa nembo ya tangi tu, na kwamba aliyeendesha moja ameziendesha zote. Siwezi kukubaliana naye hata kidogo. Injini ya pikipiki za Harley-Davidson Sportster za kupozwa kwa hewa ina silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V lenye pembe ya nyuzi 45, na kwa kuwa milipuko yake haifuatani kwa nafasi sawa, mngurumo wake huja kwa mdundo wa kuchechemea ambao, pikipiki ikisimama, huutikisa usukani hadi kioo cha pembeni kionyeshe taswira iliyofifia. Honda Rebel 500, ambayo silinda zake mbili zimesimama sambamba, haina mdundo huo, na vikanyagio vyake vya katikati, yaani vya kuwekea miguu chini ya mwili, humwezesha mwendeshaji kujiinua kidogo anapoliona shimo. Kwenye kruza zenye vikanyagio vya mbele, na hili husahauliwa mno, uzito hulalia kiunoni na kila tuta hupokewa na uti wa mgongo. Mimi baada ya saa mbili hulazimika kusimama nijinyooshe, ingawa siti ni pana na laini. Je, wenzangu wa safari ndefu, kuna aliyerudisha vikanyagio nyuma akapata nafuu?