Asemalo Mtu na Alitakalo: Kutoka Majengo hadi Likoni

Mwaka jana nilikaa kwenye baraza moja Majengo, hapa Mombasa, kusikiliza ugomvi uliokuwa umeuchosha mtaa mzima. Mzee mmoja ana nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, juu ya kiwanja kisicho chake. Ndiyo ile nyumba bila ardhi tuliyoizoea: kuta na paa ni zako, udongo ni wa mwingine, na kila mwezi wapeleka kodi ya ardhi. Mzee alitaka kuvua mabati, amwage zege na kupandisha ghorofa. Mwenye ardhi, kijana aliyerithi kwa babake, hakutaka hata kulisikia neno hilo.

"Ghorofa haipandi hapa."

"Itapanda, hata kama ni kwenda kortini."

Walikuwa wamerudiana hivyo kwa miezi. Siku hiyo Maalim aliyeitwa kusuluhisha hakuuliza nani ana haki. Alimgeukia kijana: "Mwanangu, ghorofa ikipanda, wewe waogopa nini?" Kijana akanyamaza, akazungusha kikombe cha kahawa mkononi. "Naogopa zege, Maalim. Mabati mtu huyang'oa akahama. Zege likishamwagwa, kesho watoto wake watawaambia wanangu kwamba ardhi hii ni yao."

"Na wewe mzee wangu, ghorofa ni ya nini?"

"Kijana wangu aoa. Hana pa kumweka mke."

Kumbe hapakuwa na ugomvi wa ghorofa. Palikuwa na baba anayetafutia mwanawe chumba, na mrithi anayeogopa kudhulumiwa. Mzee akaagiza mkebe wa biskuti uletwe kutoka ndani. Ulikuwa umejaa risiti za kodi, nyingine zimeshageuka rangi ya chai. Kijana akachukua moja, akaitazama sahihi ya marehemu babake kwa muda mrefu. Kila risiti mle ilikuwa ushahidi kwamba mzee amekiri miaka yote kuwa ardhi si yake. Wiki chache baadaye wakili aliandika mapatano: ghorofa moja tu, mwenye nyumba na warithi wake wanakiri ardhi ni ya nani, na ardhi ikiuzwa wao ndio wa kwanza kuulizwa.

Nimekuwa nikiyafikiria yale maswali mawili tangu siku hiyo. Msimamo ni lile jambo mtu analotamka: sitoki, sishuki bei, ghorofa haipandi. Haja ni kile kinachomfanya alitamke. Misimamo miwili ikigongana, mmoja hushinda na mwingine hushindwa, au wote hukata nusu kwa nusu na kuondoka wakinung'unika. Haja mbili, mara nyingi, zaweza kukaa chini ya paa moja.

Mfano unaotajwa sana ni wa Sinai. Israel iliiteka rasi hiyo kutoka kwa Misri mwaka 1967. Misri ikasema irudishwe yote, Israel ikakataa kuirudisha yote, na mstari wowote uliochorwa kwenye ramani ulikataliwa na upande mmoja. Septemba 1978 huko Camp David, Marekani, Rais Carter wa Marekani, Rais Sadat wa Misri na Waziri Mkuu Begin wa Israel walikaa siku 13. Ilipoulizwa kila mmoja analitakia nini lile jangwa, Misri ilitaka ardhi yake irudi chini ya mamlaka yake, na Israel ilitaka vifaru vya Misri visikae mpakani pake. Basi Sinai ikarudi yote kwa Misri, ikagawanywa kanda ambazo majeshi yaliwekewa mipaka. Mkataba ulitiwa sahihi Machi 1979, na Israel ikamaliza kuondoka mwaka 1982. Ila Wapalestina hawakuwa mezani siku zile 13, na haja yao haikupata jibu. Swali zuri likiulizwa kwa watu wawili tu, wa tatu bado anasubiri.

Wanaopinga njia hii wana hoja nzito, na mimi sitaki kuipita mbio. Nenda soko la Kongowea asubuhi, simama mbele ya muuza nyanya wa jumla, umwambie ukweli wako: "Kaka, kesho nina harusi, kreti nne lazima nipate leo." Umeshajitia kitanzi. Bei haishuki tena. Anayefichua haja yake mbele ya mwenye nguvu humpa nguvu zaidi, na ndiyo sababu mnyonge hung'ang'ania msimamo. Neno "sitoki" kwake ndilo tegemeo pekee alilo nalo. Ukimwambia aliweke kando ili mzungumze haja, unamwomba avue nguo yake ya mwisho. Maalim wa Majengo aliweza kuuliza vile kwa sababu wote wawili walimwamini, na kila mmoja alijibu mwenzake akisikia. Angemuuliza mzee peke yake, mzee angekuwa amepoteza.

Lakini hoja inayonisumbua zaidi nimeiona Likoni, ng'ambo ya kivuko, kusini mwa kisiwa cha Mombasa. Shamba la Waitiki, ndivyo linavyojulikana kwa jina la mwenye hati, lina ekari 930. Baada ya machafuko ya Likoni ya mwaka 1997 watu waliingia wakajenga, na kwa karibu miaka 20 mambo yakasimama hapo. Mwenye hati alisema: watoke. Maskwota walisema: hatutoki. Kwa macho ya msuluhishi haja zilikuwa wazi. Mwenye hati alihitaji thamani ya mali yake. Wakazi walihitaji kulala bila kuogopa tingatinga. Serikali ikalinunua shamba kwa shilingi bilioni 1.1, na Januari 2016 hati zikaanza kugawiwa. Ukiyasoma hayo kwa vipimo vya vitabu, ni usuluhishi uliokamilika.

Kisha wakazi wakaambiwa kila mmoja atairudishia serikali sehemu ya fedha hizo, kidogo kidogo. Kelele zikaanza upya, na wanasiasa wakaingia. Wapo waliosema waziwazi: hatuwezi kuuziwa ardhi ya mababu zetu. Ni rahisi kudai kwamba hao walitaka vya bure tu, na sina shaka wapo wa namna hiyo. Ila Pwani hii ina kumbukumbu zake. Sheria ya ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda huu wapeleke madai yao yaandikishwe. Ardhi iliyokuwa ikishikwa na ukoo mzima haikupata nafasi ya haki katika uandikishaji ule, na isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Mjukuu anayesema "ni yetu" anazungumzia hilo, awe na hoja mahakamani au asiwe nayo. Kulipa, hata shilingi moja, kwake ni kukiri kwamba babu yake hakuwa na chochote.

Hapo haja haikuwa nyumba pekee. Palikuwa na haja ya kutambuliwa, na hiyo hailipwi kwa hati ya kiwanja. Mtu anaweza kunijibu kwamba bado ni haja, chimba tu zaidi utaifikia. Sawa, nakubali nusu. Ile nusu nyingine ni kwamba dai la haki linataka jibu la ndiyo au la, kutoka kwa mwenye mamlaka ya kujibu. Msuluhishi akiligeuza kuwa jambo la vyumba na awamu za malipo, amelikwepa. Kwa ugomvi wa majirani, wa ndugu kwenye mirathi, wa mwenye nyumba na mpangaji, nitauliza "waogopa nini" kila siku ya maisha yangu, maana nimeona linavyofungua vinywa. Kwa dhuluma ya zamani ningetaka kwanza mtu asome daftari hadharani: nani alikuwa wapi, nani alinyang'anywa nini. Bei ije baadaye.

Jioni ile mapatano ya Majengo yalipotiwa sahihi, nilimsindikiza mzee kutoka kwa wakili. Mkebe alikuwa ameukumbatia kwapani. Alifurahi, harusi ilikuwa imeshapangiwa tarehe, na fundi alikuwa ameshakuja kupima. Tulipofika kwenye kona ya mtaa alisimama, akakitazama kiwanja.

"Babu yangu ndiye aliyefyeka pale," akasema. "Palikuwa kichaka. Hilo Maalim hakuniuliza."