Kupima vinasaba vya mdudu wa macho: nani anakihitaji kweli hicho kipimo?

Januari 2024 macho mekundu yalivyoivamia Dar, kwenye kila daladala unamkuta mtu kavaa miwani myeusi, na kila mtaa una tiba yake, huku majani ya chai kule maziwa ya mama. Wizara ikasema ni kirusi, osheni mikono na muache dawa za kujitungia. Toka hapo kuna hoja inarudi rudi kwa watu wa afya: si tupime vinasaba vya mdudu mwenyewe tumjue jina kuliko kubahatisha?

Kipimo kipo (na sio ile DNA ya kwa Mkemia Mkuu ya mtoto wa nani). Unachukua majimaji ya jicho, mashine inasoma vinasaba vyote vilivyomo, vya mgonjwa na vya mdudu kwa pamoja, halafu kompyuta inachambua. PCR, kile kipimo cha vinasaba kilichozoeleka, lazima uiambie unamtafuta nani, hii inakwambia nani yupo. San Francisco mwaka 2016 watafiti walichapisha kisa cha mtu aliyesumbuliwa na uvimbe ndani ya macho yote mawili miaka 16 bila chanzo kujulikana, kipimo hiki kikamkuta kirusi cha rubella humo ndani. Miaka 16 jamani.

Ila rubella haina dawa yake. Hapo ndo mimi naanza kuuliza, jibu likitoka linabadilisha nini?

Kwa macho mekundu ya mtaani, kwa mgonjwa mwenyewe halibadilishi kitu. Iwe kirusi cha adenovairasi iwe cha koksaki, utaambiwa usubiri, uoshe mikono, usichangie taulo. Kumtoza mtu wa Mbagala hela ya kipimo hicho ni uonevu tu.

Ndani ya jicho ndo kuna kazi. Mtu katoka kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, jicho likavimba na usaha juu, daktari hasubiri maabara, anachoma antibayotiki humohumo ndani maana kila saa ina thamani. Kuotesha bakteria kunachukua siku kadhaa na mara nyingi hakuoti kitu. Vinasaba vinaweza kusaidia hapo, lakini majimaji yenyewe ni matone machache, na karibu vyote vinavyosomwa ni vinasaba vya binadamu. Halafu kuna huyu Cutibacterium acnes, bakteria anayeishi kwenye ngozi zetu wote, anaingia kwenye sampuli kupitia kope, vidole, hata kemikali za maabara, na bado huyohuyo ndo husababisha maambukizi ya polepole miezi baada ya operesheni. Ripoti ikisema yupo, ni mgeni aliyeingia na sampuli au ndo mwenyeji anayeliumiza jicho? Mashine haikwambii, anaamua daktari aliyeliona jicho. Na dawa gani itamuua, mara nyingi bado unahitaji kumuotesha.

Wanaosema "tuanze na vya msingi" wana hoja, tena nzito. Mkulima kachomwa jichoni na jani la mpunga, kioo cha jicho kinapata kidonda cha fangasi, duka la dawa linampa matone yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe inayopunguza kinga ya jicho), fangasi anashamiri. Huyu anahitaji mtu wa kukwangua kidonda kidogo, kuweka tone la kemikali ya potasiamu haidroksaidi na kuchungulia kwenye hadubini, jibu siku hiyohiyo. Kisha natamycin, matone ya kuua fangasi wa jicho, iwepo, maana iko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2017 ila kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye shelfu ni vitu viwili.

Lakini siwakubalii wakisema basi vinasaba tuwaachie wazungu. Mlipuko ukija, huhitaji kupima jiji zima, sampuli chache tu zinatosha kujua ni kirusi gani na kudokeza kimetokea wapi. Kisiwa cha Mayotte hapo jirani walipata mlipuko mwaka huohuo wa 2024, wakapima wakamkuta kirusi cha koksaki aina ya A24. Kwa hiyo hela ya mashine itoke kwenye bajeti ya kufuatilia milipuko, isitoke mfukoni kwa mgonjwa, na hospitali ziitumie kwa yale macho machache ambayo daktari kashakwama nayo.